Jembe Jekundu kwa Jina la Shemasi

Watu wakisikia kwamba mimi ni wakili wa alama za biashara, na kwamba nusu ya kazi yangu iko China, la kwanza wanaloniambia ni kwamba Wachina ni wezi. Hapa Durban nimeambiwa hivyo na dereva wa taxi, na mchungaji, na jirani yangu wa ghorofani Berea, tena miguuni kavaa raba za bandia alizozinunua huku anajua. Nimechoka! Mimi mtu wa Kigoma nimesoma sheria China miaka sita, barua za Kichina naziandika mwenyewe, na nasema wazi: mwizi aliyenitia hasira kuliko wote anaongea Kirundi na kukusanya sadaka Jumapili. Na mlango nilimfungulia mimi.

Kuna mama mmoja Mrundi, mshonaji wa Pinetown, aliyekuwa akitengeneza mbeleko. Si khanga ya kufunga tu. Ni mbeleko yenye mikanda na kimto cha shingo ya mtoto, na mbele kuna kajembe kadogo kekundu ka uzi. Siku walipokimbia kwao, mama yake alikuwa shambani, akaondoka na jembe begani kwa kuwa ndilo lililokuwa mkononi. Oda zilipomshinda, akapata kiwanda China cha kumshonea, akaja kwangu kuiandikisha alama yake kule. China alama ni ya aliyetangulia kuiandikisha. Ulianza kushona lini, hilo kwa kawaida ni lako na nafsi yako.

Wakala wetu wa kule akataka pasipoti. Mama hakuwa nayo. Alikuwa na ile karatasi ya mkimbizi, iliyokunjwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo, na wakala hakuitambua. Alijaribu kufungua kampuni, namba ya karatasi yake ikakataliwa. Ndipo mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Mama, tafuta mtu mwenye pasipoti unayemwamini."

Kwa wakimbizi wa hapa hilo si geni. Duka linakodishwa kwa jina la mwenye karatasi, gari vilevile, hata laini ya simu. Akaja na shemasi wa kanisa lao, mwanamume mpole aliyepata uraia zamani, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kuligusa. Nilikuwa nimeandaa ukurasa mmoja wa yeye kusaini: alama ni ya mama, shemasi kamwazima jina tu. Mama akanivuta pembeni.

"Maître," akaninong'oneza, maana mawakili wote anawaita hivyo kwa Kifaransa cha kwao, "usimuandikishe huyu. Alinizikia mume wangu. Kumupa karatasi ya kusaini ni kumuambia yeye ni mwizi."

Nikaona haya. Mimi! Mtu niliyeimbishwa tangu darasa la pili kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nikaurudisha ukurasa kwenye droo nisije nikaonekana sina adabu, na alama ikaandikishwa kwa jina la shemasi.

Mwaka huu kiwanda kikaandika: mbeleko zote za mama zimezuiwa na forodha kulekule China, kwa malalamiko ya mwenye alama. Nilisoma jina la mwenye alama mara tatu. Mama alikuwa kakaa mbele yangu anawalaani Wachina. Nikamwambia aliyelalamika ni shemasi. Hakulia. Aliuliza tu kama labda kuna mtu mwingine mwenye jina lile.

Tulimfuata shemasi kule Mobeni, mtaa wa viwanda hapa Durban, kwenye ghala alilokodi. Mbeleko zilikuwa zimepangwa mpaka darini, zimeshonwa kiwanda kingine, kajembe kekundu mbele, tena mpini umepinda. Hakuona aibu hata chembe.

"Dada, Mungu alinifungulia mlango," akamwambia mama. "Njoo unishonee, nitakulipa vizuri." Kisha akanigeukia, taratibu kabisa. "Wakili, kama iko karatasi, nionyeshe."

Eish! Nilitamani kumzaba kibao. Nilimtukana, nakiri, kwa Kiswahili na kwa Kichina, na hakuna tusi hata moja lililofaa kitu. Alijua kilichobaki kwenye droo yangu.

Tumefungua kesi kule. Nimekula kiapo kwa maandishi kwamba nilikuwepo, kwamba alama ni ya mama, na kwamba ushauri mbovu ulikuwa wangu. Bosi wangu kanuna, shauri lake. Wakala anasema bila saini ya shemasi tusitegemee makubwa. Mzigo bado uko bandarini.

Wiki iliyopita mama alirudi na alama mpya aliyoichora mwenyewe, mpini mtupu usio na jembe.

"Safari hii tuandike kwa jina lako, Maître," akasema. "Wewe iko na pasipoti."

Nikakubali kabla hajamaliza. Hata nilifurahi, nikidhani nimesamehewa. Ndipo akatoa mkobani ukurasa aliouchapisha nakala tatu kwenye duka la fotokopi, umejaa makosa: alama ni yake, mimi nimemwazima jina tu. Mashahidi wawili alikuwa kaja nao, wamekaa mapokezi wakisubiri kuitwa.

Ilinichoma. Nasema kweli, masikio yalipata moto. Mimi niliyempigania, niliyejivunjia heshima kwa bosi wangu kwa ajili yake, leo ananiandikisha kama mwizi? Nikafungua mdomo nimwambie hivyohivyo. Mama alikuwa kaninyooshea kalamu. Nikaipokea, nikasaini nakala zote tatu, na yake akaitia mkobani kabla wino haujakauka.