Aliyeitikia Shikamoo ya Mama

Mkitaka chekeni, lakini haya yalitokea Chamazi, uani kwangu, na mie sinywi hata bia. Mama yangu yupo hai. Mwenye shaka aje amuulize.

Mama ana pumu. Jioni ile, giza ndo limeanza kuingia, umeme ulikatika mtaa mzima na mashine yake ya kuvutia dawa ikazima hapohapo. Nikamtoa nje, nikamketisha kwenye mkeka. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, midomo imeanza kubadilika rangi. Nikampigia bodaboda wetu, hapokei. Nilijua namzika mama yangu, kweli tena.

Ndipo nikamwona binti kasimama kando ya ndoo za maji, umri wa kidato cha pili hivi, gauni la manjano. Geti nilikuwa nimelifunga mwenyewe. Nikamsubiri atuamkie. Kimya! Nikataka kumuuliza kafunzwa na nani, mara mama, ambaye alikuwa hawezi hata kuomba maji, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akamwambia yule mtoto.

"Marahaba, binti yangu."

Mama yangu ana miaka sabini na kitu! 

Yule binti akachuchumaa mbele yake, akaonyesha kaskazini, juu kidogo ya paa la jirani, kwenye kinyota cha manjano. "Unakiona? Kinavuta pumzi miezi na miezi ndo kinaitoa. Wewe una haraka ya nini?"

Mama akakitazama. Akavuta pumzi polepole, akaitoa. Akavuta tena. Filimbi ikapungua hadi ikanyamaza, na mie nikalia. Umeme uliporudi tulikuwa wawili tu pale uani, na geti limefungwa vilevile.

Mpwa wangu anayesomea mambo ya anga anasema nyota hiyo ni kubwa mno, jua letu mbele yake ni punje ya mtama. Hutanuka na kusinyaa, na nuru tunayoiona ilianza safari kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Sasa niambieni, kati ya mama na yule binti, nani alipaswa kumwamkia mwenzake?

Siku hizi imefifia. Kila jioni mama anauliza kama ipo. Namjibu, "Ipo mama, inavuta pumzi." Naye huvuta yake.

Basi nyie, mzee wenu akimwamkia mtoto, msimcheke wala msimsahihishe. Inukeni, mmwamkie na nyie. Mie huiamkia nyota ile kila jioni, na marahaba yangu bado haijafika. Kule ni mbali.