Darubini ya Saa Tatu Mpaka Saa Tisa

Hili jambo mie nilikuwa nimepanga kufa nalo, lakini kwa kuwa Mzee Mushi, rafiki yake baba, ameshalisimulia kwenye harusi mbili na hitima moja, na kila akilisimulia anatia chumvi yake, bora nilitoe mwenyewe lilivyo, aibu ni yangu na nitaibeba kwa mikono yangu.

Naitwa Tatu, mtoto wa tatu kwa baba yangu (kwetu hawakuhangaika sana na majina), na kazi yangu ni maabara, kwenye zahanati moja huku Temeke. Kutwa nzima jicho liko kwenye darubini, natafuta vijidudu vya malaria kwenye damu za watu. Shikeni hapo kwenye darubini, maana ndipo kiburi kilipoanzia. Nyumbani kwetu mtu akitaja darubini, iwe ya hospitali, iwe ya kuangalia mwezi wa Ramadhani, wote wananigeukia mie, na mie nakohoa kidogo ndipo najibu.

Baba ni mstaafu wa kiwanda kule Chang'ombe, siku hizi anakaa Boko, na ni mwindaji wa leseni, wa vibali na msimu wake, si wa kuvizia. Tangu nikiwa mdogo msimu ukifunguliwa anakwenda porini na wenzake, akirudi sie tunakula nyama ya swala na kusikiliza uongo wiki nzima. Basi mwaka juzi akaanza kukosa. Kumbe ni mtoto wa jicho. Akafanyiwa upasuaji, daktari akasema mzee sasa uko vizuri, ila wenzake walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba apumzike, nafasi yake kwenye gari apewe mwingine. Mwisho wakakubaliana hivi: Jumamosi moja kabla ya msimu wakutane uwanja wa shabaha, kule nyuma ya Boko kwenye machimbo ya mawe ya zamani, baba apige risasi tano kwenye ubao ulio umbali wa mita mia mbili, akipata tatu anakwenda porini, akishindwa anabaki na wajukuu. Baba hakulalamika, lakini mama aliniambia kwamba tangu siku hiyo hali chakula vizuri.

Sasa baba maisha yake yote alikuwaga analenga kwa macho matupu, na darubini za bunduki akizidharau, anaziita miwani. Baada ya jicho kufanyiwa upasuaji akasalimu amri, akaipeleka bunduki kwa Fundi Idi, fundi bunduki mwenye leseni pale Chang'ombe, wakazungumza wakachagua darubini, bado kufunga tu. Na kwa kuwa mie napita hapo kila siku nikitoka kazini, baba akanipigia simu: "Tatu, mwambie Idi anifungie ile ya tatu mpaka tisa."

Haya, nyie mngeelewa nini? Mtu wa Dar akisikia tatu mpaka tisa anaelewa ni masaa. Nikawaza, hii darubini inafanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, jua likiwa kali, baada ya hapo giza. Nikaona kabisa kwamba Fundi Idi amempa mzee wangu kitu cha nusu siku. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba wanyama hutoka alfajiri na jioni, sasa saa tisa ikifika afanye nini, afunge ofisi?

Nikaingia karakana ya Idi na koti langu jeupe (sikulivua, niliona linaongea lenyewe), nikamsalimia, nikamwambia nimekuja kwa ajili ya darubini ya mzee ila nataka kuona kama ana nyingine. Akanionyesha mbili kwenye kabati. Fupi nyembamba, ndiyo tatu mpaka tisa. Pembeni yake jitu refu leusi limekaa kitajiri, akasema hii ni sita mpaka ishirini na nne. Moyo ukaruka. Ishirini na nne! Usiku na mchana!

Nikamwambia amfungie hiyo. Idi akanitazama, akasema sista, hii kwa mzee ni nyingi mno. Nikamjibu nyingi ndiyo nzuri, baba yangu hapendi kukatishwa. Akauliza kwani anapiga mbali sana? Nikasema anakaa porini mpaka jioni. Idi akakuna kichwa, akaniuliza kama nina uhakika. Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo Mzee Mushi bado ananiigizia: "Fundi, mie darubini ndiyo kazi yangu."

Masikini, angefanyaje. Nikaongezea pesa ya juu mwenyewe, nikamwomba asimwambie mzee, nataka iwe zawadi. Tena kabla sijaondoka nikaona kuna pete inayozunguka yenye namba, nikaizungusha mpaka mwisho kwenye ishirini na nne, nikamwambia aiache hapohapo, asiiguse. Nikatoka nanyanyua mabega.

Jumamosi ikafika. Wazee kama kumi wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, saa nane mchana, jua linachoma mawe mpaka yanang'aa. Fundi Idi alikuwa ameileta bunduki asubuhi, ameshailinganisha darubini na mtutu, akamkabidhi baba na kukimbilia harusi Mbagala. Baba akaishika, akaishangaa darubini, akasema Idi kanipa kubwa hii. Mie nikatabasamu tu. Kati ya wale wazee hakuna aliyekuwa anajua darubini, wote ni wa macho matupu, na Mzee Mushi, aliyekuwa na baba tangu kiwandani, akasema chombo chenyewe tu kinatisha swala.

Baba akakaa chini, akaegemeza bunduki kwenye fimbo zake mbili alizofunga msalaba kama anavyofanya porini, akaweka jicho. Akakaa. Akakaa. Akasogeza kichwa mbele, akakirudisha nyuma, mtutu unatafuta kushoto, unatafuta kulia. Mzee Mushi akamwambia taratibu kwamba ubao uko mbele yake. Baba akasema anauona kwa macho, akiingia kwenye darubini anaona majani. Alipoupata akapiga. Vumbi likaruka pembeni. Ya pili, vumbi. Ya tatu juu kabisa ya kilima. Mpaka ya tano ubao ulikuwa mzima vilevile, na pale chini ya turubai hakuna aliyecheka, na bora wangecheka.

Baba akalitoa ganda la risasi ya mwisho, akaiacha bunduki wazi, akailaza juu ya mfuko wa mchanga. Akavua kofia. Akasema kila kitu kinatetemeka na kinachemka kama maji, daktari alimdanganya, jicho halikupona. Kisha akamgeukia rafiki yake: "Mushi, gari lina nafasi moja. Mpeni mwingine."

Jamani, nimeona watu wakipokea majibu mabaya dirishani kwangu, ila sura ya baba siku ile siisahau. Nikamwomba msimamizi wa uwanja ruhusa niangalie, akaikagua bunduki kuwa ni tupu, akakubali. Nikapiga magoti, nikaweka jicho.

Na jicho langu la miaka kumi na mbili ya maabara likaona lile lile. Ukiigusa bunduki kidogo ubao unakimbia, hewa ya moto inacheza mawimbi, picha imefifia, na mapigo ya moyo wangu yanaonekana, du, du, du. Nikaijua hali ile. Ni hali ya mwanafunzi aliyekuja mazoezini, akarukia lenzi kubwa siku ya kwanza, akasema sista sioni kitu! Na kila siku, kila siku mie ndiye ninayewafokea: anza na lenzi ndogo! Lenzi ikikuza sana unaona sehemu ndogo, mwanga unapungua, na mkono ukitikisika kidogo kila kitu kinatikisika!

Nikaitazama ile pete. Sita, nane, kumi na mbili, mpaka ishirini na nne. Hazikuwa saa. Zilikuwa mara. Inakuza mara sita mpaka mara ishirini na nne. Na ile ya baba ilikuwa inakuza mara tatu mpaka mara tisa, ya mzee wa kulenga amekaa na fimbo zake, na swala akiwa karibu anairudisha tatu, akiwa mbali anaisogeza tisa, basi.

Nikaizungusha kimyakimya mpaka sita. Nawaambia ukweli, nilitaka iishie hapo. Nikamwambia baba ajaribu tena. Akakataa, akasema macho yameshatoa jibu, na alikuwa ameshageuka anatafuta funguo zake za gari. Ndipo nikaona nikinyamaza anakwenda nyumbani na uongo wangu, anaufanya ni uzee wake.

Nikasimama mbele ya wazee wote, nikasema: "Baba, macho yako hayana kosa. Darubini niliibadilisha mie. Nilidhani tatu mpaka tisa ni saa."

Msimamizi akauliza, saa gani? Ikabidi nieleze, na kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyozama, saa tatu ya asubuhi, saa tisa ya alasiri, nikafika kwenye ishirini na nne, usiku na mchana, na Mzee Mushi akaanguka na kiti chake cha plastiki. Wazee wakalia kwa kucheka, wengine wanajipiga mapaja, mmoja akaenda kushikilia nguzo ya turubai. Mzee Mushi kule chini alipopata pumzi akatazama saa yake, akasema, "Mzee mwenzangu, ni saa nane na nusu, wahi basi, kabla darubini ya binti haijafungwa."

Baba peke yake hakucheka. Alirudisha kofia kichwani, akakaa chini. Wazee wakakubali arudie risasi tano. Ya kwanza, ubao ukalia. Ya pili, ukalia. Akapata nne. Mie ya tano sikuiona, nilikuwa nafuta macho kwa mtandio.

Tukirudi, baba akaendesha mpaka tukakaribia nyumbani. Kisha akasema, "Ungenyamaza, mwanangu, ningejua ni macho mpaka naingia kaburini." Nikashika tu mkono wake pale kwenye gia.

Jumatatu nikarudi kwa Fundi Idi kuomba radhi, bila koti safari hii, akafunga ile fupi huku anauma midomo asicheke. Na nimeapa: mtu akinitajia namba yoyote, hata ya nyumba, kwanza nauliza ni namba ya nini, na nisichokijua nasema sikijui, hata nikiwa nimevaa koti.

Baba alikwenda porini na wenzake. Siku ya nne akapanda kilima kutafuta mtandao, nikaona simu inaita, nikashtuka nikapokea na shikamoo. Hakuitikia hata marahaba, nasikia tu Mzee Mushi anacheka kwa nyuma.

"Tatu," baba akasema, "huku ni saa kumi na moja, na bado inaona."