Ndoo Mbili za Bluberi

Kwa miaka tisa Hafia na dada yake Odokia walichuma bluberi, vitunda vya buluu vya porini, kwenye mlima mmoja wa safu ya Karpati huko Ulaya, bila kusemezana. Waligombania shamba la marehemu baba yao, na tangu hapo kila mmoja alishika upande wake wa mlima.

Julai ile Hafia alivuka kilele na ndoo yake kutafuta vichaka vilivyozaa zaidi, akamkuta Odokia ameketi kando ya ndoo iliyojaa, uso umesawajika, mkono kifuani. Alitaka kupita, miguu ikakataa.

"Una nini wewe?"

"Moyo. Nenda zako, usije ukapoteza siku."

"Hebu nyamaza. Na bado unachuma pamoja na majani! Mama alivyokuwa akikugombeza!"

Odokia akacheka mpaka pumzi zikamkatika. "Mdogo wangu, lile shamba limeota magugu tu. Hakuna aliyelilima."

"Najua, dada. Napita pale kila Jumapili nikienda kanisani."

Wakaziacha ndoo vichakani, wakashuka polepole wameegemeana, wakiongea njia nzima, zaidi habari za mama. Walipofika kwenye daraja la mbao Odokia akaomba wapumzike kidogo. Akalaza kichwa begani kwa mdogo wake, na hakukiinua tena.

Baada ya maziko Hafia alirudi mlimani. Matunda yalikuwa yameshachacha. Aliyamwaga, akaziosha ndoo zote mbili kijitoni, kisha akakaa chini akalia. Miaka tisa, na maongezi ya saa moja tu.