Kamera yangu ya kijani ya Mabawa, na kwa nini uzi huu hauna picha

Wakuu, nianze na marahaba, maana humu sidhani kama yupo aliyenizidi umri. Naandika yaliyonipata mwenyewe. Wale wa "weka picha" wanisubiri mpaka mwisho.

Juzi mjukuu wangu kaja na kikamera cha filamu, rangi ya fedha, kimevikwa ngozi ya kijani. Eti ni retro. Nikacheka. Mimi nilikuwa nacho miaka ya hamsini, mke mpya hapa Mabawa, Tanga.

Mume wangu alinipeleka dukani. Yeye alitaka cheusi. Nikamwambia cheusi kinafanana na cha watu wa serikali, wanawake watakikimbia. Cha kijani kilikaa kiganjani kama kijaluba cha tambuu.

Nilijua ninachotaka: kupiga picha harusini, upande wa wanawake, ambako mpiga picha mwanamume haingii.

Nafasi ikaja kwa shoga yangu Fatuma. Alikuwa anaolewa Lindi, na ndiye mtoto pekee wa Bi Mwanaidi. Mama huyo alitaka abaki walau na sura ya mwanawe.

Siku ya kupambwa, Fatuma kakaa uani juani, nywele wazi, asumini mpaka mabegani. Nainua kamera, Bi Mwanaidi akaiziba kwa kiganja.

"Mwanangu, na huyo wa studio atakayezisafisha, si atamwona binti yangu?"

Nikaishusha kamera.

"Mama, hazigusi mwanamume. Nazisafisha mimi na Zarina."

Zarina ni mke wa Mhindi mwenye duka lile tuliponunua kamera. Picha za wateja alikuwa akizisafisha yeye, na mimi alishanifundisha.

"Na ukanda wa filamu, ambao mtu anaweza kutolea picha nyingine?"

"Nakuletea wewe."

Akaondoa mkono.

Tulisafishia stoo kwa Zarina, blanketi dirishani, mumewe katolewa akakae barazani. Roho ilikuwa juu, kwani Fatuma keshasafiri, tukiharibu ndiyo basi. Uso ukatokea polepole ndani ya maji, anacheka. Nililia, sioni haya kusema.

Picha na ukanda nikampelekea Bi Mwanaidi, akavifungia kashani.

Tangu hapo niliitwa harusini mpaka Tongoni na Muheza, na kila ukanda ulirudi kwa mwenyewe. Ndiyo maana sina hata picha moja ya kuwawekea. Ningezibakiza, nyumba ya pili nisingeingia.

Miaka ikapita, Bi Mwanaidi akafariki. Fatuma akaja kufungua kasha. Picha ilikuwepo, safi kabisa, isipokuwa shavu moja limefutika, pale mama alipokuwa akipitisha kidole.

Vijana, rangi ya kamera chagueni mnayopenda, ingawa mimi bado nasema kijani. Ila uaminifu ndio uliokuwa ukinifungulia milango.

Wenye bibi zao Tanga, kawaulizeni kama kashani mna picha ya bibi harusi uani. Huenda ni mkono wangu. Mkiikuta, njooni mnishuhudie hapa kwa maneno tu. Picha msiiweke.