Njoo na Ugali Wako

Saa sita na nusu mchana mtaani Shieywe, mjini Kakamega, Phanuel Osundwa anaingia kwenye kibanda cha chakula cha Maximilla Navalayo. Ananawa mikono, anaketi, kisha anafungua mkebe wenye ugali aliotoka nao nyumbani.

Hakuna anayemshangaa. Meza ya pili ina mikebe mingine mitatu.

Maximilla anampelekea matumbo na mboga ya mrenda. Ugali hapiki tena.

Kwa miaka tisa kibanda hiki kilijulikana kwa nyongeza. Ugali ukikuishia kabla ya mboga, uliletewa mwingine bila malipo. Kwa Waluhya hiyo ni adabu ya kawaida, kwani mgeni akiinuka na njaa, aibu ni ya aliyepika.

"Nilikuwa naongezanga bila kuuliza," anasema Maximilla. "Kuna mtu alikuwa anakulanga sahani tatu, analipa moja."

Kisha bei zikapanda. Gorogoro ya mahindi, kopo la kama kilo mbili, aliyokuwa akinunua kwa shilingi themanini, anasema, ilifika mia moja na hamsini. Akafuta nyongeza, na akanunua bakuli dogo zaidi la kupimia ugali, akiamini hakuna atakayegundua.

Aligunduliwa siku hiyo hiyo. Mluhya unaweza kumdanganya kwa mengi, lakini si kwa ukubwa wa ugali. Wateja walikula kimya, wakalipa, wakahamia kwingine.

"Afadhali wangenitukana," anasema.

Alikuwa ameshaanza kutafuta mtu wa kumuuzia meza, ndipo Phanuel, fundi wa mawe na mmoja wa waliohama, akarudi na mkebe wake.

"Nilimwambia, mama, mimi mboga yako ndiyo napenda, ugali bibi yangu amesonga," anakumbuka Phanuel. "Nilidhani atanifukuza."

Maximilla anakiri kwamba alilia jikoni. Alipotulia, aliona kwamba mboga ndiyo iliyokuwa ikiubeba ugali muda wote. Kesho yake akatundika bango mlangoni: Njoo na ugali wako. Kibanda kikajaa tena, na kodi inalipika.

Lakini mama mkwe wake, anayeishi Malinya, alipopita mjini alikataa kuketi.

"Aliniuliza, ni mwanamke gani anaita watu kula na hajasonga? Hiyo imeniuma kuliko bei."

Ndiyo sababu amekodi nusu ekari huko Kabras, mahali palipong'olewa miwa, na kupanda mahindi yake mwenyewe. Mashina yamefikia kimo cha magoti. Mvua ikiendelea hivi, anapanga kurudisha sufuria ya ugali jikoni.

"Nikivuna, huyo mama ndiye nitaita wa kwanza," anasema, akipangusa meza. "Nitamuwekea, nimuongezee, nimuongezee tena, mpaka yeye mwenyewe ashike mkono yangu anizuie."