Valvu ya Bisil

Kiangazi kile, pampu ya kisima cha jamii kule Bisil ilikuwa inawaka, inavuta maji kidogo, kisha inazima. Baba alinipigia simu nikiwa kazini Kitengela. Mimi, binti yake, ndiye mhandisi wa maji katika familia, na ng'ombe wake walikuwa hawajashiba maji kwa siku kadhaa.

Nilikuta watu wamezunguka sanduku la swichi, kila mmoja na ushauri wake.

"Hii kitu ndio inazima," mzee mmoja aliniambia. "Itoe, tuunganishe waya direct."

Nilimkatalia kwa ukali kupita heshima. Sipendi mtu kukimbilia spana kabla hajajua shida iko wapi. Kifaa kinachozima pampu si lazima kiwe kibovu. Pengine kinasema kweli. Niliomba pampu ipumzishwe, nikateremsha kamba ya kupimia. Maji yalikuwa yameshuka mpaka karibu na pampu, nayo pampu ilikuwa tayari chini kabisa. Tungeunganisha waya walivyotaka, ingevuta hewa na kuungua, na Bisil nzima ingekosa hata kikombe.

Basi nikaanza kufunga valvu ya bomba polepole, ili pampu isivute kuliko kisima kinavyojaa, nikingoja, nikipima tena, mpaka maji yakatoka membamba lakini bila kukatika. Watu walikuja kutaka maji zaidi, mimi nikawapunguzia. Hakuna aliyenishukuru, na sikuwalaumu.

Baba alinisogelea pale kwenye valvu. Akaniuliza, akiniita kama alivyoniita tangu utotoni, "Mama, hii itatosha ng'ombe wote?"

"Hapana, Papa. Itatosha watu, ndama, na wale ng'ombe wamelala chini hawawezi kusimama. Wengine watafutiwe kwingine."

"Uko na uhakika?"

"Niko nao."

Alitazama kundi lake. Ng'ombe wake walikuwa bado wanasimama. Akapiga mluzi, akawageuza kabla hawajaonja tone, akaelekea nao upande wa Namanga. Majirani walipoona hivyo, wakaanza kutenga wanyama wao bila ugomvi. Nilitamani kumkimbilia, nimwambie labda nimekosea hesabu. Sikuwa nimekosea.

Wakubwa wangu husifu kazi ile. Pampu haikuungua, na mvua ilipofika kisima kilijaa tena. Baba alirudi kabla ya mvua hiyo, kwa miguu, fimbo mkononi, bila ng'ombe hata mmoja mbele yake. Nilimletea kiti, nikashindwa kumwangalia usoni.

"Kisima bado kinatoa?" akauliza.

Nikamwambia kinatoa.