Mama Hapandi Nyuma ya Mkwe

Pikipiki ilikuwa ya mume wangu, naye aliiendesha vizuri kuliko vijana wote wa kwetu. Shida ni kwamba mama yangu hangeweza kuketi nyuma yake. Kwetu Wakipsigis, mkwe na mama mkwe hawasalimiani kwa mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia kando kwenye shamba la chai ili mwingine apite. Sasa mwambie mwanamke wa miaka sabini amshike mwanamume huyo kiuno kutoka nyumbani hadi kliniki, mjini Litein!

Bodaboda mama alikuwa amezikataa tangu moja imwangushe matopeni karibu na daraja. Gari halifiki kwetu mvua ikinyesha, na kwetu mvua haichoki. Alikuwa amekosa kliniki ya presha mara mbili, dawa zilikuwa zimeisha, na kila asubuhi alishika ukuta kabla ya kusimama. Nilipomuuliza atafika vipi kliniki Jumanne, alinijibu, "Nitapanda kwa mtu nimezaa mimi." Mtoto wake ni mimi peke yangu, na mimi hata baiskeli sikuwahi kuendesha.

Hiyo ilikuwa Alhamisi jioni. Nilikuwa na siku nne.

Mimi ni mtu asiyetulia. Mume wangu husema hata nikilala kuna mahali naenda. Na pikipiki, niligundua Ijumaa mume wangu alipoanza kunifundisha, inataka mtu aliyepoa.

"Achilia klachi polepole, mama watoto."

"Si ndiyo naachilia!"

Iliruka mbele, ikazimika. Nikapiga kiki. Ikazimika tena. Majirani waliokuwa wakichuna majani walisimama na vikapu mgongoni wakitutazama, na mmoja akapaza sauti, "Hiyo ng'ombe imekataa kukamuliwa!" Wakacheka wote. Niliwachukia siku nzima, hata yule ambaye alikuwa ameniletea maziwa asubuhi.

Jumamosi, baada ya kuona naweza kwenda bila kuanguka, mume wangu alileta gunia la majani chai alifunge kwenye keria ili nizoee uzito. "Huyu sasa ndiye mama," alisema. Kisha akaona haya kwa maneno yake mwenyewe, akafunga kamba akiwa ameangalia pembeni. Nilicheka hadi nikaketi kwenye nyasi. Lakini Jumatatu nilikuwa naupanda mlima wetu na lile gunia bila injini kuzima. Aliniambia nisijiamini sana, haraka haraka haina baraka. Nikamwambia baraka iko Litein na kliniki haitatungoja.

Jumanne mama alikuja na gauni la kanisani, sweta, na leso kichwani. Alikaa upande, miguu yote kushoto, akanishika koti. Mume wangu alimsalimia akiwa nyuma ya zizi la ng'ombe. Tulikuwa tumekubaliana kwamba angetufuata kwa miguu, mbali kidogo, mpaka tufike lami. Mama alijua.

Tuliteremka hadi darajani salama. Ni kule kupanda kulikonishinda. Gunia halikuwa limewahi kupumua shingoni mwangu wala kusema "Woi!" Kwenye kona kali mama aliinama upande wake, nami nikashtuka, nikakosea gia, injini ikazima. Nilibana breki, lakini gurudumu lilianza kuteleza kurudi nyuma kwenye matope, na miguu yangu haikupata mahali pa kushika. Chini yetu kulikuwa na mto.

"Mama, shuka!"

"Nishuke wapi?" Miguu yake ilikuwa upande wa mtaro, na magoti yake si ya kuruka.

Kwenye kioo nilimwona mume wangu akija mbio. Halafu nikamwona akisimama. Hatua moja kutoka mgongo wa mama yangu, mwanamume mzima, mikono juu, hajui aiweke wapi. Sijawahi kukasirika vile maishani mwangu.

"Mshike! Baba watoto, mshike!"

Akamshika. Viganja vyote viwili mgongoni, kisha bega, akasukuma. Mama alifumba macho. Nikapiga kiki, injini ikaitikia, nikaachilia klachi polepole kama nilivyokuwa nikiambiwa tangu Ijumaa. Tukapanda. Kule juu sikusimama, kwa maana kusimama nilikuwa najua, kuondoka tena ndiko nilikokuogopa. Nilimwacha pale kwenye matope bila hata kumpungia mkono.

Njia nzima mama aligeuza uso kando. Niliogopa ataniambia nimrudishe nyumbani. Niliogopa zaidi kwamba hatakanyaga tena kwangu, kwa sababu nilikuwa nimemwaibisha hadharani, na nilikuwa nimemwaibisha mume wangu pia, wote wawili kwa neno moja.

Kule kliniki, muuguzi alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia, akasoma, akatikisa kichwa. "Presha iko juu sana, mama. Umekuja kwa miguu?"

"Hapana. Huyu msichana yangu amenibeba." Mama alinyoosha leso yake. "Na kijana yangu akanisukuma."

Muuguzi aliandika tu. Kwake hilo halikuwa neno. Mimi nilikuwa nimeolewa miaka kumi na minne, na siku zote hizo mama hakuwahi kumwita mume wangu kitu kingine ila "yule mwenye boma". Nilitoa simu nimpigie papo hapo. Muuguzi akasema simu haziruhusiwi. Nikairudisha mfukoni, nikainuka, nikaketi, nikainuka tena.

"Kaa chini," mama akaniambia. "Unanipandisha presha."